Maikrofoni Ndefu na Wimbo wa Mama Mkwe

Ignatius Ochom ndiye aliyekuwa mpiga picha pekee Malaba aliyeweza kukupiga picha ukitembea, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo. Wenzake walikuwa na kamera za kukugandisha ukiwa umetoa macho. Yeye alikuwa na kamera ya sinema, na mwaka ule wa sabini na nane akapata iliyo bora zaidi, kamera ya sinema inayonasa na sauti. Aliinunua kwa Mzungu mmoja, mhandisi wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Alipofika nayo nyumbani aliiweka juu ya meza, akaizunguka, kisha akamwita mkewe Amongin aje aizunguke naye.

Kasoro yake ilikuwa moja. Mzungu alikuwa na mbwa, na mbwa alikuwa ameitafuna maikrofoni. Kwa hiyo Ochom, baada ya kujigamba mji mzima, alijikuta na kamera ya sauti iliyo kiziwi. Wateja walipouliza mbona sauti haitoki, aliwajibu kwa utulivu kwamba mashine mpya haianzishwi kwa pupa. Miezi ikapita hivyo, na pengine angeendelea kudanganya hadi leo kama si shingo ya mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, Petronilla, aliishi Moding, na shingoni alikuwa na uvimbe ule wanaouita rovu. Ulikuwa umekua hadi daktari akasema lazima ukatwe. Halafu akaongeza, kwa ile sauti ya chini wanayoitumia madaktari wasipotaka kuulizwa tena, kwamba baada ya kukatwa huenda sauti yake isirudi ilivyokuwa. Sasa Petronilla hakuwa na mali ya kujivunia, lakini sauti alikuwa nayo. Kila alfajiri alikamua ng'ombe akiimba, wimbo uleule aliofundishwa na mama yake, na watoto wake wote waliamshwa na wimbo huo tangu wakiwa wachanga. Majirani hawakuhitaji saa.

"Nataka mama akiimba," Amongin alimwambia mumewe. "Nimwone na nimsikie. Mtoto wetu Akiror akikua, naye amwone bibi yake hivyo. Si wewe una kamera ya sauti?"

Ochom alitaja kaseti. Kaseti ni rahisi, alisema, unabonyeza tu. Ujumbe ukapelekwa Moding na jibu likarudi siku ileile: Petronilla hataki sauti yake ibaki duniani peke yake kama mbuzi aliyeachwa na wenzake. Wakiichukua, wamchukue na yeye mwenyewe.

Ochom hakuwa na pa kutorokea. Filamu yenye utepe wa sauti aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya dakika tatu na ushee, haifutiki wala hairudiwi, na siku ya kukatwa shingo ilikuwa imeshapangwa. Alilala akimsikia Amongin akigeuka kitandani. Asubuhi akapanda basi kwenda Busia kutafuta maikrofoni.

Duka la Osman lilitazamana na uwanja ambapo malori yalilala yakingoja karatasi za forodha. Osman aliuza redio, betri, na vitu vingine vilivyomfikia bila kueleza vimepitia wapi. Alisikiliza haja ya Ochom, akaingia nyuma, akarudi na vitu viwili, akavipanga juu ya kitambaa.

"Boss, mimi niko na hii mbili," alisema. "Hii fupi na hii mrefu."

Ile fupi ilikuwa na kichwa cha mviringo, imevishwa sponji. Ile ndefu ilikuwa nyembamba, urefu wake kama mwiko wa kusongea ugali, na ubavuni ilikuwa na matundu membamba mengi. Ilikuwa na mguu wa kuisimamisha juu ya kamera, ielekee mbele.

"Hii fupi inasikia kila mahali. Mbele, nyuma, kando. Hii mrefu inasikia pale tu umeielekeza. Hizo zingine zote inatupa."

Osman alimvika visikizio, akaziunganisha moja baada ya nyingine. Kwa ile fupi, Busia nzima iliingia kichwani mwa Ochom bila kubisha hodi: honi za malori, wabadilisha pesa wakiitana kwa Kiswahili cha Uganda, mtu anayegonga rimu ya gurudumu, mbuzi, na Osman mwenyewe akisafisha koo. Kwa ile ndefu, kelele zote zilirudi nyuma zikawa mbali, kana kwamba mji umefungiwa chumba cha pili. Ochom aliielekeza ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja muuza uji aliyeitwa Nusura, na mara moja Nusura akasema ndani ya sikio lake, wazi kabisa, akimwambia mteja:

"Muone huyo mwanaume ananielekezea mwiko. Akili iko sawa kweli?"

Ochom alivua visikizio, uso ukimng'aa. "Nachukua hii."

"Ngoja kwanza, boss. Hii haina huruma. Ukikosea kidogo tu, unasikia mtu mwingine. Lazima jicho yako ikae kwa kamera, umfuate mtu vile anaenda. Ni nani unataka kumshika?"

"Mama mkwe."

Osman aliweka mkono juu ya meza. Alikuwa amekaa na Wateso miaka mingi, na mambo yao aliyajua. "Mama ya bibi yako? Si huyo ndiye hamuwezi kuangaliana?"

Ochom aliirudisha maikrofoni juu ya kitambaa. Ni kweli. Tangu amwoe Amongin hakuwahi kumtazama Petronilla usoni, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Wakikutana njiani, yeye aliingia majanini upande huu na mama mkwe akaingia upande ule, wakaulizana habari za nyumbani kila mmoja akitazama mahindi ya watu, kisha wakaendelea na safari zao. Alimjua kwa sauti na kwa viatu. Kwa furaha ya mashine, mtu huyu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama watu alikuwa amesahau kwamba safari hii mtu mwenyewe ni yule asiyetazamwa.

"Chukua fupi," Osman akasema. "Iweke hapo, geuka, nenda kunywa chai. Itamsikia yenyewe."

Ulikuwa ushauri mzuri, na mtu mwenye akili zake angeufuata. Lakini Ochom alishawawazia kuku wa Moding, mashangazi wa Moding, na watoto wote wa Moding, wakiwa wamejazana katika dakika zake tatu huku wimbo wa Petronilla ukitafuta pa kupita. Amongin hakuwa ameagiza kuku. Na ukweli usemwe, ile ndefu ilikuwa na sura ya kazi, na Ochom alipenda vitu vyenye sura ya kazi. Akaichukua ndefu.

Mguu wake haukuingia vizuri kwenye kamera, kwa kuwa ulitengenezwa kwa kamera ya namna nyingine. Ulicheza. Osman akamwambia asokomeze kitu chochote hapo, na Ochom akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakisokomeza, akakaza kwa vidole. Ilisimama kama askari.

Suala la macho lilipelekwa kwa Mzee Etyang, ndugu wa marehemu mume wa Petronilla, ambaye aliamua mambo yote ya nyumba ile na hata machache ambayo hakuulizwa. Alimketisha Ochom kwenye kigoda, kamera ikiwa katikati yao.

"Mkwe kumsikia mama mkwe, hiyo si neno," Mzee Etyang alisema. "Hakuna mtu aliziba masikio ya mkwe. Shida ni macho. Sasa hii jicho ya mashine, ni ya nani?"

"Ni ya kamera, mzee."

"Nauliza nani aliitengeneza."

"Mjapani."

"Huyo Mjapani ameoa hapa kwetu?"

"Hapana, mzee."

"Basi jicho yake iangalie vile inataka. Lakini yako usiiweke hapo nyuma. Ukiweka yako, itakuwa ni wewe unaangalia."

Ochom alieleza kwamba kamera haijiongozi. Mzee akashauri ipewe mtu mwingine, na hapo Ochom alikataa kabla sentensi haijaisha. Kamera ile hakuna aliyekuwa ameigusa ila yeye. Amongin pengine angemruhusu, lakini alikuwa ameagizwa na mama yake asimame ubavuni mwake wakati wa kuimba. Walibaki wakiitazama mashine. Kisha Ochom akakumbuka visikizio.

Wazo lake lilikuwa hivi. Kamera itasimama kwenye stendi ya miguu mitatu, ikimtazama Petronilla. Yeye atasimama nyuma yake akiwa ameipa mgongo, mikono nyuma imeshika mpini, visikizio masikioni. Sauti ikififia, atazungusha kidogo. Ikirudi, atatulia. Osman alisema lazima jicho likae kwa kamera. Osman hakujua alikuwa anaongea na Ochom.

Alifanya mazoezi uani kwake. Amongin alitembea huku na huku akiimba, na Ochom akamfuata kwa mgongo, mikono nyuma kama mtu aliyefungwa pingu. Mara ya kwanza alimnasa jirani yake Mutwalibu, ng'ambo ya ua, akimwomba mkewe Aidah msamaha kwa jambo ambalo alianza kulitaja na kuacha mara kadhaa. Ochom alisikiliza hadi mwisho, kwa ajili ya mazoezi. Lakini kufikia jioni aliweza kumfuata Amongin kila alikoenda bila kumpoteza hata kwa neno moja. Picha hakuweza kuijaribu kwa kuwa filamu ilikuwa moja. Alipima sauti tu, na sauti ilikuwa safi.

Siku yenyewe alifunga kamera na maikrofoni yake nyuma ya baiskeli, akaenda Moding kwa ile njia yenye mashimo. Jua lilikuwa limeshapanda. Ukoo ulikuwa umejaa uani, wakiwa wamevaa nguo za kanisani, ingawa waliambiwa waziwazi kwamba wao hawatapigwa picha. Ochom alisimamisha stendi, akaonyesha mahali pa Petronilla kusimama, akageuka, akatazama ghala la wimbi lililokuwa mbele yake na kuvaa visikizio.

Kwanza alimsikia Mzee Etyang akikohoa. Akazungusha. Akawasikia mashangazi wawili.

"Mbona ametupa mgongo?"

"Wapiga picha wako hivyo. Hawataki kuona vile wanaharibu."

Akazungusha tena, akasikia miguu ya mtu ikija polepole, na pumzi yenye mkwaruzo mdogo. Akabonyeza. Petronilla akaanza kuimba.

Ochom hakuwa ametayarishwa kwa hilo. Alikuwa ameisikia sauti ile mara nyingi, lakini siku zote kutoka mbali, kupitia vichaka au ukuta. Sasa ilikuwa ndani ya kichwa chake, karibu kuliko alivyowahi kuwa mkwe yeyote wa ukoo ule. Alimsikia akimeza mate kati ya mstari na mstari. Alisikia mahali ambapo ule uvimbe ulimbana na yeye akaupita, akaendelea kama hakuna kitu. Aliona aibu, akataka kuvivua visikizio kwa heshima, na hakuvivua. Ilikuwa sauti nzuri mno. Alisimama akilitazama ghala, machozi yakimtoka, akimshukuru Mungu kwamba alikuwa amewapa watu mgongo.

Petronilla aliimba akitembea, maana hakujua kuimba akiwa amesimama, na Ochom akamfuata. Katikati kikaingia kishindo, kitu kikubwa kikipumua. Wimbo ule ulikuwa wa kukamua, na ng'ombe mwekundu aliyeujua kuliko mtu yeyote pale alikuwa ameusikia na kuja mwenyewe kukamuliwa, ingawa saa zake zilikuwa zimepita. Ochom alizungusha kidogo, pumzi ya ng'ombe ikapotea, Petronilla akarudi safi kama mwanzo. Akashikilia hapohapo mpaka mashine ikakwama yenyewe. Filamu ilikuwa imekwisha, na wimbo ulikuwa bado.

Petronilla alikatwa shingo, akapona vizuri. Uvimbe uliondoka. Sauti nayo ikaondoka, kama daktari alivyosema, ukabaki mnong'ono. Moding ikaanza kuchelewa kuamka. Amongin alikwenda kumwona na kurudi, na Ochom alipomuuliza habari, alimjibu kwa swali.

"Filamu imerudi?"

Ilikuwa imepelekwa Nairobi na kutoka huko ng'ambo kusafishwa. Iliporudi, Ochom hakuweza hata kuichungulia, kwa kuwa Mzee Etyang alikuwa ameshatoa hukumu nyingine: picha ya mama mkwe ni mama mkwe. Akaificha kabatini na kuzunguka nayo moyoni kama mtu mwenye siri ya watu wengine.

Waliamua ionyeshwe Moding. Ochom aliazima jenereta kwa mwenye mashine ya kusaga unga, akaiweka mbali nyuma ya ghala, akavuta waya hadi ndani. Mchana mweupe, madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Shuka jeupe likatundikwa katikati ya chumba. Upande wa huku alikaa Ochom na mtambo wake wa kuonyeshea filamu, pamoja na Amongin na wanaume. Upande wa pili, nyuma ya shuka, alikaa Petronilla na mashangazi. Shuka lilikuwa jepesi, picha ingeonekana pande zote mbili, na mkwe na mama mkwe wasingeonana. Hakuna aliyekumbuka wazo hilo lilikuwa la nani, kwa hiyo Mzee Etyang alilichukua.

Ochom aliwasha mtambo na kugeuka kuutazama mlango, kama ilivyompasa. Sauti ikatoka. Ilikuwa safi kabisa, hakuna kuku, hakuna kikohozi, Petronilla mtupu. Akajipongeza kimoyomoyo. Palianza minong'ono ya "Yuko wapi?" Halafu, wimbo ulipofika katikati, watu wakaanza kucheka.

Walicheka kidogo kwanza, kwa adabu, kisha wakashindwa. Nyuma ya shuka mashangazi walikuwa wanapiga magoti yao. Ochom alikaza shingo akiutazama mlango.

"Geuka uone kazi yako," Mzee Etyang alimwambia. "Hapa hakuna mama mkwe."

Akageuka. Kwenye shuka alisimama ng'ombe mwekundu, amejaza picha yote, akicheua. Taya zake zilienda sawasawa na maneno ya wimbo, na mstari ulipokwisha naye alinyamaza na kutikisa sikio. Ochom alielewa papo hapo. Ile njia yenye mashimo, kile kipande cha tyubu. Maikrofoni ilikuwa imezunguka kwenye mguu wake, na siku ile sikio la kamera lilimfuata Petronilla huku jicho likitazama pembeni yake. Alitamani ardhi ipasuke. Alimtazama Amongin, na Amongin peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na Ochom akajua kwamba jambo hili hatalilipa maisha yake yote, maana sauti ile haikuwepo tena popote duniani ila hapa, kinywani mwa ng'ombe.

Ndipo picha ikaanza kusogea. Ilikuwa pale alipozungusha mpini kuikwepa pumzi ya ng'ombe. Pembe zikatoka, pakapita kipande cha ukuta, halafu picha ikatulia juu ya Amongin.

Alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake. Kwa Petronilla ulionekana mkono tu, umemshika begani. Amongin hakujua kwamba anatazamwa. Alikuwa akimtazama mama yake, na midomo yake ilikuwa inaimba bila kutoa sauti, neno kwa neno, ikipumzika pale mama anapopumzika, hata ikimeza mate pamoja naye. Na sauti ya Petronilla ilikuwa inatoka hapo. Kicheko kilikatika pande zote mbili za shuka. Walioujua wimbo huo tangu utotoni walimwona Amongin akiuimba kwa sauti ya mama yake, na mtu mmoja upande wa pili akaanza kulia.

Katikati ya ubeti filamu ikaisha. Shuka likawa jeupe, mkia wa filamu ukipigapiga kwenye mtambo. Ochom akazima. Hakuna aliyefungua dirisha.

Amongin alitoa mkono mdomoni. Akaanza kuimba pale wimbo ulipokatikia, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nyembamba na yenye woga, na ambayo Ochom, aliyeifuata uani kutwa nzima akiwa na visikizio, alijua kwamba haikuwa sauti ya mwimbaji. Aliimba mstari mmoja. Alipofika mahali pa kupanda, ikavunjika.

Nyuma ya shuka kiti kililia. Kisha ukatoka mnong'ono, mdogo hata watu wakazuia pumzi ili wausikie.

"Umeanzia juu. Shuka."

"Ndiyo, mama," Amongin akasema, akaanza upya, chini.